Mwongozo kamili: namna ya kukagua viambato vya vipodozi unavyopaka kila siku

Watu wengi wanaojali ngozi zao wameshajifunza kuogopa parabeni, vile vihifadhi vinavyotiwa kwenye vipodozi. Wanageuza chupa, wanatafuta maneno ya kwamba haimo, wanaridhika. Kwenye droo hiyohiyo kuna kikopo cha krimu kisicho na orodha yoyote, wanja wa unga ulionunuliwa kwa kipimo sokoni, na kifuko cha piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, kilichobaki baada ya harusi. Vitu hivyo vitatu vinaweza kudhuru figo, ubongo wa mtoto na ngozi ya mkono kwa kiasi ambacho parabeni ya kwenye losheni haikikaribii.

Kwa hiyo mwongozo huu haufuati umaarufu wa kiambato mitandaoni. Tunakaa zaidi kwenye vile vinavyodhuru kweli, vile vinavyosingiziwa tunavipitia haraka.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani

Tandika taulo jeupe, kisha mimina mkoba wote pamoja na vya kwenye droo na bafuni. Usisahau sabuni ya uso, gundi ya kope, rangi ya nywele na vile vikopo vidogo ulivyopewa bure dukani. Gawa mafungu matatu:

- Fungu la kwanza: bidhaa yenye orodha kamili ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe.
- Fungu la pili: ina lebo, lakini kuna kinachokosekana. Labda orodha haipo, au namba ya toleo ya kwenye boksi hailingani na ya kwenye chupa, au maandishi yote yako kwa lugha usiyoielewa.
- Fungu la tatu: vikopo visivyo na lebo, vilivyopakiwa upya dukani, au vilivyokorogwa saluni.

Fungu la tatu halina haja ya uchunguzi. Usilipake tena, na usiligawe kwa mdogo wako wala kwa msaidizi wa nyumbani. Hakuna mtu anayeweza kutambua zebaki au risasi, metali zenye sumu, kwa kunusa au kuangalia rangi. Lile jaribio la kusugua pete ya dhahabu kwenye rangi ya mdomo, ati ikiacha mstari mweusi kuna risasi, halipimi chochote. Pete yenyewe inaweza kuacha mstari huo. Risasi hupimwa maabara tu.

Baada ya hapo angalia umri wa kila bidhaa. Kipodozi mara nyingi kina mchoro mdogo wa kikopo kilichofunguliwa kifuniko, ndani yake pameandikwa 6M, 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipokifungua. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe ya kufungua kwenye kitako cha chupa. Pasipo mchoro, kadiria hivi: maskara na wanja wa maji miezi 3, fondesheni ya maji miezi 6 hadi 12, rangi ya mdomo mwaka mmoja hadi miwili, poda kavu miaka miwili. Punguza muda kama unaishi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa na vipodozi vinalala ndani ya gari. Rangi ya mdomo iliyotoa vijasho vya mafuta na kunuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha imeshaharibika, hata kama tarehe haijafika.

Hatua ya 2: Soma orodha kama mnunuzi mjanja

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Utaratibu huo unashika mpaka kwenye asilimia 1. Vilivyo chini ya hapo mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo, na rangi huja mwishoni kwa namba zinazoanza na CI.

Kuna njia fupi ya kujua mstari wa asilimia 1 uko wapi. Tafuta neno "phenoxyethanol", kihifadhi kilichomo kwenye bidhaa nyingi. Sheria za Umoja wa Ulaya hazikiruhusu kuzidi asilimia 1, na watengenezaji wengi duniani hufuata kiwango hicho. Kilichoandikwa baada yake kwa kawaida ni chini ya asilimia 1 pia. Kama boksi linatangaza "Aloe Vera" kwa herufi kubwa, halafu kwenye orodha aloe vera inakuja baada ya phenoxyethanol, unalipia jina.

Orodha, hata hivyo, inafaa tu pale mtengenezaji anapokuwa mkweli. Anayetia zebaki kwenye krimu mara nyingi haiandiki. Ndiyo maana alama ya mamlaka ina maana. Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, vilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Zanzibar ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Kenya ni KEBS na Uganda ni UNBS, mashirika ya viwango ya nchi hizo. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha vipodozi, EAS 377, chenye orodha ya vilivyopigwa marufuku na vinavyoruhusiwa kwa kipimo. Kenya unaweza kuhakiki namba ya kibali kwa simu: tuma SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023, kisha linganisha jina la bidhaa linalorudi na hilo ulilonalo mkononi. Alama ya ubora ni rahisi kughushi, lakini jibu la ujumbe likitaja bidhaa nyingine umeshamkamata muuzaji.

Hatua ya 3: Krimu za kung'arisha, mahali pa kuanzia ukaguzi

Krimu za kujichubua zina mambo matatu ya kutafuta: zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mkorogo wa saluni unaweza kuwa na yote matatu, kwa vipimo ambavyo hata aliyekoroga havijui.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, rangi yake ya asili. Haiishii kwenye ngozi. Huingia kwenye damu na kukusanyika kwenye figo. Dalili za mwanzo watu huzifikiria ni uchovu: kukosa usingizi, hasira za bure, mikono kutetemeka, ganzi kwenye vidole. Baadaye uso na miguu huvimba na mkojo hutoka na povu, ishara kwamba figo zinavujisha protini. Wanaokaa na mtumiaji nao hupata, hasa mtoto anayenyonya na anayelala kwenye shuka hizohizo, kwa sababu zebaki hushika kwenye mataulo na mito na hutoa mvuke.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi wanachama ziondoe sokoni vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni ifikapo 2020. Mwaka 2023 wakakubaliana kwamba hata kiwango hicho kidogo kifutwe ifikapo 2025. Kwenye lebo tafuta maneno "mercury", "mercuric", "mercurous chloride", "calomel", "ammoniated mercury", "mercurio" au herufi Hg. Na kuna dalili moja ambayo wengi huipita: maelekezo yanayokuambia usiguse dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira wakati umepaka. Zebaki hushikana na metali hizo na kuziharibu. Krimu ya kawaida haina sababu ya kuogopa bangili yako.

Haidrokwinoni ni dawa. Daktari wa ngozi huiandika kwa miezi michache, kwenye doa lililolengwa, pamoja na krimu ya kukinga jua. Kama kipodozi cha kung'arisha ngozi imepigwa marufuku Ulaya tangu 2001, Kenya na Tanzania haziiruhusu, na Marekani tangu 2020 haiuzwi bila cheti cha daktari. Ikipakwa uso mzima kwa miaka, juani, huleta okronosisi: weusi wa kibuluu kwenye mashavu na chini ya macho, wenye vinundu vidogo unavyovihisi ukipitisha kidole. Hapo ndipo mtu anapokosea zaidi. Anaona doa limekolea, anaongeza krimu, na krimu ndiyo inayolikoleza. Okronosisi ni ngumu mno kutibu, na hatua ya kwanza ya matibabu ni kuacha haidrokwinoni.

Steroidi ndiyo inayodanganya kuliko zote. Tafuta "clobetasol propionate", "betamethasone" na "fluocinonide". Hizi ni dawa za pumu ya ngozi na magonjwa mengine, huuzwa kwenye tyubu ndogo za duka la dawa, na ndizo zinazokamuliwa kwenye kopo la losheni kutengeneza mkorogo. Siku chache za mwanzo uso unang'aa na chunusi zinanywea kwa sababu steroidi hutuliza uvimbe na kubana mishipa ya damu. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, michirizi mipana inatokea mapajani na kwapani, vinyweleo vinaota usoni, na fangasi inasambaa bila kuwasha sana kwa sababu kinga ya ngozi imezimwa. Kidonda hukawia kupona, jambo ambalo madaktari wa upasuaji hulilalamikia wanaposhona ngozi iliyochubuliwa.

Kuacha kuna utaratibu wake. Kama umepaka mwili mzima kwa miezi mingi, usikate ghafla peke yako. Steroidi ikiingia mwilini kwa wingi huzilaza tezi za adrenali, na ukiacha siku moja unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kushuka presha. Nenda hospitali ukiwa na vikopo vyenyewe, sema umevitumia muda gani na sehemu gani, upangiwe namna ya kupunguza. Ukipaka uso tu, tarajia wiki kadhaa za wekundu, kuwaka na chunusi. Ni ngozi inayorudi, wala si ushahidi kwamba unaihitaji krimu ile. Wengi hurudi kwenye mkorogo katika wiki hizi.

Kwa madoa, viambato vyenye rekodi nzuri ni niasinamidi ya asilimia 4 hadi 5 na asidi azelaiki ya asilimia 10 hadi 20. Asidi ya kojiki nayo hufanya kazi, na Ulaya huiruhusu isizidi asilimia 1 kwenye bidhaa za uso na mikono. Vyote vinahitaji miezi mitatu na krimu ya jua kila asubuhi. Krimu inayoahidi siku saba ina kitu kingine ndani. Retinoli, inayouzwa kwa makunyanzi na madoa, iachwe wakati wa ujauzito.

Ndimu usipake. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likawaka, huacha malengelenge na alama nyeusi za wiki nyingi.

Hatua ya 4: Wanja

Wanja wa asili wa unga una sura mbili. Upo wa masizi, unaotokana na moshi wa utambi wa mafuta, na upo unaosagwa kutoka jiwe la kijivu linalong'aa, galena, ambalo ni salfaidi ya risasi. Ukishasagwa na kutiwa kichupa huwezi kuutofautisha na ule wa masizi. Wanja wa namna hii, uitwe kohl au surma, umeshakutwa maabara ukiwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hairuhusu kohl iwe rangi ya kipodozi chochote.

Mtu mzima akipaka kwenye kope, kiasi fulani huingia kwa machozi na kwa vidole vinavyofika mdomoni. Kwa mtoto mchanga hali ni nzito zaidi. Anayechorwa nyusi na alama ya paji la uso kukinga kijicho hujisugua, kisha analamba mkono. Tumbo la mtoto hufyonza risasi kuliko la mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Hupunguza uwezo wa kujifunza, na kilichopotea hakirudi.

Fanya hivi:

1. Tupa wanja wa unga usiojulikana ulikotoka, pamoja na kijiti chake.
2. Nunua penseli au wanja wa kiwandani wenye orodha. Weusi utokane na CI 77499, ambayo ni oksidi ya chuma, au CI 77266, ambayo ni masizi ya kaboni.
3. Nyanya akisisitiza mtoto apakwe, usigombane naye. Mwekee alama nyuma ya sikio au kwenye nyayo chini ya soksi, kwa penseli hiyohiyo ya kiwandani.
4. Mtoto aliyepakwa kwa miezi, omba kipimo cha risasi kwenye damu. Ikifika mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linaelekeza chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Hatua ya 5: Piko na hina

Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa. Unga wake ni wa kijani, hukandwa kwa maji, huachwa saa kadhaa uchachuke rangi, hupakwa na kukaa saa 4 hadi 8. Ukibandua ni rangi ya chungwa, baada ya siku mbili inakolea kuwa kahawia. Hina haitoi weusi wa mkaa, na haimalizi kazi kwa nusu saa.

Weusi wa haraka ni piko, na piko ni rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, kwenye lebo "p-phenylenediamine" au kifupi PPD. Ulaya inairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kabisa. Piko ya maua ya bibi harusi hukorogwa nzito ili iwe nyeusi, kwa hiyo kipimo chake hakijulikani.

Mara ya kwanza huenda usione lolote. Mwili unajifunza kuichukia. Mara ya pili au ya tano, siku moja hadi kumi baada ya kupaka, ngozi huanza kuwasha, inainuka na kutoa malengelenge yanayofuata ua lilelile, kila jani na kila nukta. Yakipona hubaki baka jeupe au kovu jeusi lenye umbo la mchoro. Na mzio huo haukuachi. Miaka baadaye unapaka rangi ya nywele kuficha mvi, uso unavimba mpaka macho yanafumba. Unaweza pia kukataliwa na dawa za ganzi za aina ya benzokaini na baadhi ya rangi za nguo. Aliyewahi kupata malengelenge ya piko amwambie msusi wake na daktari wa meno.

Kwa harusi na Idi, agiza hina ya kahawia. Muulize mchoraji amekanda nini, aonyeshe pakiti. Akijibu kwamba ameongeza petroli, mafuta ya taa au "unga wa kukoleza", simama uondoke. Mafuta ya mkaratusi au ya karafuu, matone machache, hukoleza vizuri, ingawa nayo huwasha wenye ngozi nyepesi.

Watoto wachanga wasipakwe hina yoyote, hata ile halisi. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida kwenye maeneo ya malaria ikiwemo pwani yetu, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa kupakwa hina. Na unga wa piko ufungiwe kabatini. Ukimezwa, shingo na koo huvimba ndani ya saa chache, kisha figo hufeli. Hiyo ni dharura ya hospitali, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 6: Poda

Talki ni madini laini, na shida yake ni jirani: asbestosi, madini yanayosababisha saratani, hupatikana kwenye miamba hiyohiyo, ikachimbwa pamoja. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023, ikahamia wanga wa mahindi.

Kwa poda ya kushindiliwa ya usoni hatusemi utupe. Inatoa vumbi kidogo. Kinachofaa kuacha ni kupaka talki sehemu za siri, na kummwagia mtoto poda shingoni na kifuani huku wingu likipanda puani mwake. Talki ikiingia mapafuni mwa mtoto inaweza kumbana pumzi. Ukitaka poda, chagua ya "zea mays starch", tia mkononi mwako mbali na uso wake, kisha pakaza.

Hatua ya 7: Fondesheni na rangi ya mdomo

Hapa hofu ni kubwa kuliko hatari. Oksidi za chuma, CI 77491, 77492 na 77499, ndizo zinazotoa rangi ya fondesheni, na ni katika viambato vinavyovumilika kuliko vyote. Zina faida moja ambayo ngozi nyeusi inaihitaji: huzuia mwanga unaoonekana, ambao huchochea madoa ya mashavuni. Krimu nyeupe ya jua haifanyi hivyo peke yake.

Kuhusu risasi kwenye rangi ya mdomo, Marekani ilipima rangi 400 na matokeo ya 2012 yalionyesha wastani wa sehemu 1.11 kwa milioni, ya juu kabisa ikiwa 7.19. Kiwango wanachopendekeza kisizidiwe ni 10. Bidhaa halali kwa kawaida ziko chini. Rangi ya bei ya kutupa isiyo na jina haijapimwa na mtu yeyote.

Kitu cha kuangalia mdomoni ni mzio. Kwenye ngozi nyeusi mzio wa rangi ya mdomo mara nyingi hauwashi sana. Midomo inababuka kidogo kidogo na kuwa myeusi pembezoni, mtu anapaka rangi zaidi kufunika. Washukiwa ni manukato, mafuta ya nyonyo, lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) na rangi nyekundu ya CI 75470, ambayo hutokana na wadudu. Wanaokwepa vitokanavyo na wadudu kwa sababu ya dini waikariri namba hiyo. Acha rangi zote kwa wiki nne, paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, uone.

Hatua ya 8: Macho

Maskara huharibika kwa bakteria kabla ya kemikali. Usiongeze maji wala mate ikikauka. Usisukume brashi juu na chini ndani ya chupa, unaingiza hewa na vijidudu. Ukijichoma mboni kwa brashi na jicho likauma, likawa jekundu na kuogopa mwanga, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa sababu bakteria aina ya Pseudomonas wanaweza kuitoboa konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kwa siku chache. Maskara ya bibi harusi iwe yake mwenyewe. Mpambaji akichovya brashi moja kwa watu watano, anahamisha macho mekundu kutoka kwa wa kwanza hadi wa mwisho.

Gundi ya kope za kubandika za saluni ni sianoakrileti, na baadhi hutoa formaldehaidi, kemikali inayowasha na kuleta mzio. Jaribu kope mbili tatu pembeni siku mbili kabla ya sherehe.

Hatua ya 9: Vihifadhi na manukato

Parabeni: Ulaya inaruhusu "methylparaben" na "ethylparaben" hadi asilimia 0.4 kila moja, na "propylparaben" na "butylparaben" hadi 0.14 kwa pamoja. Tano, zikiwemo "isopropylparaben" na "isobutylparaben", zilikatazwa mwaka 2014. Zinazoruhusiwa ni katika vihifadhi visivyoleta mzio kirahisi. Kampuni zilizozikimbia baadhi zilihamia kihifadhi kingine, "methylisothiazolinone", na mizio ikapanda mpaka Ulaya ikaikataza mwaka 2017 kwenye bidhaa zinazobaki kwenye ngozi. Hiyo ndiyo ya kutafuta kwenye losheni na vitambaa vya kufutia uso. Wenye ukurutu waepuke pia "DMDM hydantoin", "quaternium-15" na "diazolidinyl urea", ambazo hutoa formaldehaidi polepole.

Neno "parfum" au "fragrance" linaficha mchanganyiko wa vitu vingi, na ndilo chanzo cha kawaida cha mzio wa vipodozi. Kama uso wako haupatani na kitu, anza kwa kuondoa harufu, sio parabeni.

Krimu ya nyumbani isiyo na kihifadhi, ya shubiri au parachichi, ikae kwenye friji na imalizwe ndani ya siku tatu.

Hatua ya 10: Jaribu kipya, na ujue la kufanya ngozi ikikataa

Paka kiasi cha sarafu kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Jaribio la usiku mmoja halitoshi. Mzio wa kweli huchukua siku kujitokeza. Leta bidhaa mpya moja kwa wakati, vinginevyo hutajua ya kulaumu.

Ikiwasha: osha kwa maji ya uvuguvugu, acha vyote, baki na sabuni laini na mafuta ya mgando. Piga picha ya ngozi na ya lebo. Usitulize kwa tyubu ya clobetasol ya jirani. Kope zikivimba, ulimi kujaa au pumzi kubana, kimbia hospitali.

Kikopo unachoshuku kina zebaki usikitupe kwenye jalala wala kukichoma moto, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, weka mbali na watoto, peleka ofisi ya TBS, ZFDA, KEBS au UNBS iliyo karibu. Badilisha shuka na mataulo yaliyogusana nayo, na omba hospitali kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Unapotoa taarifa beba picha za pande zote za kikopo, namba ya toleo, jina la duka, tarehe ya kununua na risiti kama ipo. Bila namba ya toleo wakaguzi hawajui wakamate shehena ipi.